Kichwa Kiko Likizo

Zamani semina ilikuwa shughuli ya heshima. Unasaini karatasi ya mahudhurio, unachagua kiti cha nyuma karibu na feni, mwezeshaji anasoma slaidi zake neno kwa neno, nawe unatikisa kichwa mara mojamoja ili asivunjike moyo. Saa nne chai na sambusa, saa saba wali, jioni posho na cheti. Hakuna aliyekuuliza umejifunza nini, na ukiulizwa, jibu limo kwenye makabrasha.

Siku hizi wametuletea mbinu shirikishi. Mhasibu mzima, mwenye presha na wajukuu, naambiwa nisimame nitaje jina langu na mnyama ninayempenda. Mzee wa masijala akasema anampenda mbuzi, hasa akiwa supu. Kisha tukahesabu moja mpaka tano tukapata makundi, kila kundi likapewa bango kitita na maka peni mbili, moja imekauka. Mada: changamoto za malipo. Kabla hata hatujakaa sawa, macho yote yakamgeukia binti wa utumishi kwa kuwa ana mwandiko mzuri, basi akawa katibu. Yule msemaji wa kila msiba akawa mwasilishaji. Sisi wengine tukarudi usingizini, safari hii tukiwa wima.

Makundi yote yakaja na mambo yaleyale: upungufu wa fedha, upungufu wa vitendea kazi, upungufu wa semina. Kila moja likapigiwa makofi matatu ya nguvu. Miguu imeshiriki, mikono imeshiriki, kichwa kiko likizo.

Ili kutuziba midomo tulioanza kunung'unika, mwezeshaji akatundika piramidi: mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, asilimia 90 ya anachotenda. Asilimia zimejipanga kumikumi kama watoto wa mchakamchaka! Nikauliza nani alizipima. “Tafiti zinaonyesha,” akanijibu, akageuza slaidi. Mmarekani Edgar Dale, ambaye mchoro huu husingiziwa, alichapisha wake mwaka 1946 bila asilimia hata moja. Namba zilipachikwa na wengine baadaye.

Na wala mwezeshaji hakuwa na haja ya kuzungusha. Ushahidi upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakakuta kwamba waliosikiliza mihadhara tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wenzao waliofanyishwa kazi darasani. Kufanyishwa kazi, jamani, si kupigishwa makofi.

Alasiri akaingia afisa tehama, binti mdogo, hana makofi wala mnyama. Akatufungulia kila mtu orodha ya malipo ya watumishi wa kubuni. “Humu kuna mtu amelipwa mara mbili. Mtafuteni. Msiulizane kwanza.” Ukumbi ukanyamaza hadi nikasikia feni inavyolia. Nikapitia majina, hola. Nikapitia kiasi, hola. Nikazipanga safu upya kwa namba za akaunti, na hapo akajitokeza bwana mkubwa: mstari mmoja jina limeandikwa kwa kirefu, mwingine kwa herufi za mwanzo, akaunti ileile.

Nikaegemea kiti nikisubiri makofi.

“Mzee wangu, umejuaje?”

Nikaeleza.

“Vizuri. Yupo mwingine, ila huyo ana akaunti mbili.”

Nilimchukia kwa dhati. Nilitoka pale shati limelowa, kichwa kinagonga, na tangu hapo hakuna orodha inayopita mezani kwangu kabla sijaipekua namna ile.

Jioni ikaja fomu ya tathmini. Ukumbi ulikuwaje? Chakula je? Mwezeshaji alikuchangamsha? Wa asubuhi akazoa “Bora sana” ukumbi mzima. Binti wa tehama akaandikiwa kwamba anabana watu. Huko Harvard nako, utafiti wa mwaka 2019 uliwakuta wanafunzi wa fizikia waliohangaishwa na maswali wamejifunza zaidi, lakini wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Sasa fomu yetu inapima nini, kama si utamu?

Barua ya semina ijayo imeshafika. Mwezeshaji ni yuleyule wa asubuhi, na tumeombwa tuje na raba.