Namna ya Kuifanya Kompyuta Ikubaliane Nawe

Ukiwa na laptopu, projekta na darasa lililotoka kula ugali muda si mrefu, huhitaji kitu kingine ili kuonyesha nadharia ya kikomo cha kati. Uthibitisho wenyewe, ule wa kalamu na karatasi, waachie waliokuwa na nafasi. Laplace aliufikisha mahali pa kueleweka mwaka 1810, Lyapunov akaunyoosha mwaka 1901, na Pólya akaja kuipa nadharia jina lake mwaka 1920. Zaidi ya karne nzima ya vichwa vikali. Wewe una kipindi cha dakika 50, na sehemu yake itaishia kwenye kutafuta waya wa projekta.

Nadharia yenyewe ieleze haraka, kabla mtu hajanyoosha mkono. Una mrundo wa namba. Unachota chache bila kuchagua, unatafuta wastani wake, unauandika pembeni. Unarudia tena na tena. Ukizichora wastani ulizoandika, zitajipanga kama kengele: nyingi katikati, chache pembeni, hata kama mrundo wa mwanzo haukuwa na umbo la maana. Hapo kwenye "hata kama" paza sauti. Masharti makubwa ni mawili: namba zisitegemeane, na mtawanyiko wake uwe na ukomo. Hayo yaseme ukiwa umewapa mgongo, unafuta ubao.

Kazi ya kwanza ni kuchagua mrundo, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia kwa ushujaa. Mrundo salama kuliko yote ni ule ambao tayari una umbo la kengele. Kila programu ya takwimu ina amri ya kukutolea namba za aina hiyo. Zitoe, tafuta wastani, chora: kengele imetokea. Kwamba kengele iliingia ikatoka kengele ni jambo ambalo darasa la saa nane mchana halitaligundua.

Anayetaka ufundi zaidi atumie njia ya wazee. Zamani, programu nyingi zilitengeneza namba za umbo la kengele kwa kujumlisha namba 12 za nasibu zilizo kati ya 0 na 1, kisha kutoa 6. Wastani unakuwa 0 na mkengeuko sanifu unakuwa 1, barabara kabisa. Sababu ya njia hiyo kufanya kazi ni nadharia ileile ya kikomo cha kati. Kwa hiyo utakuwa umeleta mahakamani shahidi anayelala nyumbani kwa mshitakiwa. Tahadhari moja tu: namba zinazotoka hapo haziwezi kamwe kuvuka 6 wala kushuka chini ya −6, wakati kengele halisi mikia yake haina mwisho. Usiikuze picha pembeni.

Dhamira ikikusuta, tumia dadu. Dadu halali ina nyuso sita zenye nafasi sawa, haiegemei kushoto wala kulia, kwa hiyo inawahi kutii. Jumlisha mbili, unapata pembetatu. Jumlisha tatu, mabega yanaanza kuviringika. Ukifika kumi hakuna wa kukubishia. Waambie umechagua dadu kwa sababu kila mtu anaijua. Usiwaambie kwamba ni miongoni mwa mirundo iliyo rahisi mno kwa nadharia hii.

Lakini kuna siku atajitokeza mmoja atakayetaka mfano wa maisha. Mpe daladala. Tuseme zinapita kituoni bila ratiba, na kwa wastani mtu anasubiri dakika 10. Mara nyingi unapata upesi, mara chache unasimama hadi kivuli kinakuhama. Mgawanyo wa namna hii umelala upande mmoja: umejazana kushoto, na mkia mrefu umeelekea kulia. Chukua abiria 30 kwa mkupuo, tafuta wastani wa kusubiri kwao, rudia mara 10,000, chora. Kwa nini 30? Kwa sababu vitabu vimesema 30, na aliyeviandika aliambiwa na mwalimu wake. Usiitafutie namba hiyo ukoo.

Picha itapendeza. Sasa zuia watu wasiisogelee, kwa maana mambo yako kwenye mikia. Mkengeuko sanifu wa wastani wa abiria 30 ni kama dakika 1.8. Ukienda mikengeuko mitatu kulia unafika dakika 15 na nusu hivi. Mitatu kushoto, dakika 4 na nusu. Kengele inasema kwamba katika wastani 10,000, kila upande utavuka mpaka huo mara 13 au 14. Kompyuta, ikiachwa iseme ukweli, itakupa kama 42 kulia. Kushoto itakupa mmoja, au isikupe kabisa. Yaani upande wa kulia, ule wa abiria waliochelewa kupindukia, kengele imekadiria theluthi moja tu ya yanayotokea. Katikati nadharia imeshaingia, pembeni bado iko njiani. Kwa daladala si kitu. Kwa mhandisi anayekadiria mafuriko au mtu wa bima anayekadiria madai makubwa, pembeni ndiko anakoishi. Ndiyo maana nguzo za histogramu yako zifanye nene. Nguzo nene zina huruma, zinafunika mengi.

Tukija kwenye hila kubwa, ambayo kusema kweli wengi huifanya bila kujua kwamba ni hila: changanya idadi mbili. Katika zoezi hili kuna ukubwa wa sampuli, yaani abiria wangapi kwa mkupuo, na kuna idadi ya marudio, yaani umechota mikupuo mingapi. Nadharia inahusu ile ya kwanza tu. Ya pili inasafisha picha, basi. Ukichota abiria mmoja mmoja ukarudia mara milioni, hupati kengele hata ukikesha. Unapata mgawanyo uleule uliolala upande mmoja, safari hii ukiwa umenyooka vizuri zaidi. Lakini darasani sema tu "tukiongeza namba" bila kutaja namba ipi, na bonyeza marudio kutoka 100 hadi 100,000. Picha iliyokuwa na mapengo itajaa, mstari utalainika, na darasa litaguna kwa kuridhika. Wataondoka wakiamini kwamba wameona nadharia ikifanya kazi. Walichoona ni wino ukiongezeka.

Baada ya hapo kuna suala la mbegu. Kompyuta haipigi kura, inakokotoa. Unaipa namba ya kuanzia, inaipitisha kwenye hesabu, inatoa msururu unaofanana na wa bahati nasibu, na ukiipa mbegu ileile kesho utapata msururu uleule. Jambo hilo lilikusudiwa liwe la uaminifu, ili mwingine aweze kurudia kazi yako. Kwako ni soko. Jaribu mbegu 1, jaribu 2, endelea hadi kengele ikae kama ya kwenye kitabu, kisha andika hiyo kwenye mstari wa kwanza wa programu. Ikibidi uonekane hukuchagua, tafuta umbo zuri kwenye 42 au 123, kwa kuwa hizo wanazitumia wote na hakuna anayewauliza.

Kuhusu kizalishi chenyewe cha namba za nasibu, usiingie. Kinachotumiwa na Python bila kuombwa, walichokibuni Matsumoto na Nishimura miaka ya 1990, hurudia mzunguko wake baada ya hatua zenye tarakimu zaidi ya 6,000 ukiziandika. Kipindi kitakwisha kwanza. Lakini miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilisambazwa na kizalishi kilichoitwa RANDU, kikatumika katika tafiti nyingi. Kilikuwa kinazidisha kwa 65,539 na kuendelea. Ukichora namba zake moja moja, safi. Mbili mbili, safi. Tatu tatu, yaani ukizifanya nukta ndani ya chumba badala ya juu ya karatasi, zote zinaangukia kwenye bapa 15 tu zilizopangana kama mbao za mezani, na katikati yake hakuna kitu. Mambo haya yakiulizwa, sema mada hiyo ipo muhula ujao.

Huenda mwanafunzi mchokozi akauliza watu walifanyaje kabla ya kompyuta. Jibu fupi: kwa mikono, na kwa uvumilivu unaotia aibu. John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini, alikuwa Denmark Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, akawekwa kizuizini. Humo ndani alirusha sarafu mara 10,000. Kichwa kilitokea mara 5,067. Mkengeuko sanifu hapo ni 50, kwa hiyo kupotea kwa 67 si ajabu, ingawa si kuzuri kwa kuonyesha. Angekuwa na mbegu ya kuchagua angeweza kupata 5,003 na kulala mapema.

William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, ndiye mbaya zaidi kwa mfano. Alikuwa na vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, ambavyo mwingine alikuwa amevichapisha. Alivinakili kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya, akavichota vinne vinne hadi akapata sampuli 750. Matokeo aliyachapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, "Student". Ona alivyokosea kanuni zetu zote. Sampuli yake ilikuwa ya watu wanne, si 30. Karatasi aliziuliza kwanza, ndipo akaitoa fomula, nayo haikuwa na uthibitisho kamili, akaipima kwa karatasi zilezile. Na fomula hiyo ilikuwa inasema kwamba ukitumia mtawanyiko wa sampuli ndogo yenyewe, kengele ya kawaida haitoshi, mikia ni minene zaidi. Yaani mtu aliketi na mikasi akiwa tayari kuambiwa hapana. Kwa mwendo huo huwezi kumaliza silabasi.

Limebaki swali moja la hatari, na litatoka kwa yule binti wa mstari wa nyuma ambaye amekuwa akibonyeza laptopu yake tangu ulipoanza: "Mwalimu, hii inakubali kwa namba za aina yoyote?" Jibu "ndiyo" kabla hajavuta pumzi. Ukichelewa, ataandika mstari mmoja: chagua pembe yoyote kati ya −90 na 90, chukua tangenti yake. Namba za namna hiyo hazina mtawanyiko wenye ukomo, na wala wastani wa kweli hazina. Poisson aliliona hilo mwaka 1824, ingawa mgawanyo huo leo unabeba jina la Cauchy. Wastani wa 30 unatawanyika sawasawa na namba moja. Wastani wa 10,000, vilevile. Grafu yake itatulia karibu na sifuri kwa muda, wewe utaanza kutabasamu, kisha tangenti moja iliyokaribia digrii 90 itaangukia humo na mstari wote utaruka kama umepigwa teke. Utatulia tena. Utaruka tena. Akisema umesahau sharti, mwambie ulilitaja, muulize kama alikuwa anasikiliza.

Mwishoni wagawie faili la programu, kwa kuwa uwazi ni sifa ya mwanasayansi. Ila futa kwanza mstari wa mbegu. Atakayeiendesha bwenini usiku akapata kengele iliyopinda, akaja ofisini kesho yake na picha kwenye simu, mpokee vizuri, mpe kiti, mweleze kwamba laptopu yake inahitaji kusasishwa.