Asali Iliyovuka Luama

Katika nchi iliyo baina ya Kasongo na Kabambare, ukingoni mwa Luama kabla mto huo haujajimwaga Lualaba, palikuwa na mji wa wanyama chini ya Sultani Kiboko. Na ng'ambo, msituni, walikaa akina Nyegere, wafupi wa miguu, wajuzi wa mizizi na mizinga, waliokuwako kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi ile.

Mji uliipenda asali kupita kiasi, na aliyejua kuirina ni Nyegere peke yake. Hata hivyo, kata aliyonywea maji ilitundikwa mtini nje ya mji, isije ikagusana na kata za wengine. Na arusi zilipofika aliitwa apige ngoma hadi alfajiri, kisha akapewa ukoko, akaula amegeuzwa uso ukutani. Kila nyumba ilisema "Nyegere wangu" kama mtu asemavyo shoka langu.

Siku moja Kasuku, aliyesifika kwa elimu, aliuliza barazani: ikiwa mkono wa Nyegere unainajisi kata, mbona hauinajisi asali? Wazee walikaa siku tatu, wakala asali nyingi kwa ajili ya uchunguzi, wakahukumu kwamba maji ya Luama huosha, na asali, kwa kuwa huvuka kivuko, hufika safi. Hukumu ikaandikwa daftarini, watoto wakafundishwa.

La kuumiza ni kwamba wazee wale walikuwa wajukuu wa waliotukanwa. Enzi misafara ya pembe ilipotoka Ujiji kupitia Kabambare hadi Kasongo kwa Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, babu zao walikuwa washenzi vinywani mwa wapwani. Na Aprili 1893, jeshi la Wazungu lenye bendera ya nyota lilipoiteka Kasongo, tusi lilibadili lugha tu. Wajukuu walilitunza, wakamtafuta wa kumrithisha.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mama wa mwali mmoja wa Nyegere alishikwa na homa akiwa na mtungi kichwani, akaanguka mlangoni kwa mganga. Mganga aliupokea mtungi, akafunga mlango. Jua halijatua, mama alikuwa amekufa. Binti alichimba kaburi kwa kucha zake mwenyewe, na tangu hapo hakutoa sauti, hata ya kilio, maana kilio cha Nyegere mji ule ulikihesabu katika kelele za usiku.

Matanga hayajaondolewa, Mamba na Ngiri wakafikishana barazani kugombea urithi. Huyu alidai marehemu alikufa na deni lake la chumvi, yule la kitambaa, na kila mmoja alitaka alipwe binti. Wazee wakaamua agawanywe kwa zamu, masika kwa Mamba na kiangazi kwa Ngiri, wakapongezana kwa uadilifu wao.

Ndipo binti akasimama, mahali ambapo hapajawahi kusimama Nyegere.

"Baba zangu," akaanza. Sauti ikamkwama, akaanza upya. "Hukumu yenu yasema Luama huosha. Mama yangu alivuka maji yakimfika kifuani, na mtungi ulikuwa juu ya kichwa chake, haukupata hata tone. Kilichooshwa ni kipi?"

Kasuku alilifungua daftari, akalifunga. Sultani alisema binti hana adabu. Korongo, mzee kuliko wote, akakiri kwamba upo waraka, uliotiwa saini mji mkuu tarehe 15 Julai 2022, unaowapa watu wa msituni haki ya shule, ya matibabu na ya ardhi ya jadi yao, na kwamba yeye aliutandika kiotani, kwa kuwa ulikuwa laini.

"Usomwe hapa," alisema binti, "mbele ya wanaonidai. Na kabla haujasomwa, futeni daftarini 'Nyegere wa Ngiri', muandike jina la mama yangu."

Karani akauliza jina lenyewe ni lipi. Miaka yote ile ya asali, hakuna aliyewahi kuliuliza. Binti akalitaja, akasubiri aliandike, akaona amekosea herufi, akamwambia alifute aliandike tena.