Mhadhara wa Wazi kwa Mawakili Wasomi Watarajiwa wa Moshi

Ndugu mwenye fremu, ambaye naona umekaa mbele kuliko nilivyotarajia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria, mama ntilie pamoja na wateja wako, itifaki imezingatiwa.

Mtajiuliza mimi ni nani hata niwahutubie juu ya sheria ya makampuni. Swali hilo huulizwa na wageni tu. Mimi ndiye mwenye steshenari hii mnayoiona nje ya geti la chuo. Mhadhiri wenu amelisoma somo hili mara moja, tuseme mbili. Kwangu limepita kila muhula, nakala kwa nakala, mbele na nyuma, likiwa bado la moto. Hakuna desa lililoingia bwenini bila kulala kwanza kwenye kioo cha mashine yangu. Profesa anajua kilichoandikwa ukurasa wa 14. Mimi najua na kwa nini ukurasa wa 14 hukwama.

Tuingie kwenye hoja. Mtu akikuamsha saa nane ya usiku na kukuuliza kesi, usiulize kesi gani. Jibu: Salomon dhidi ya Salomon, 1897. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu huko Whitechapel, London. Biashara yake akaiuzia kampuni aliyoiunda yeye mwenyewe. Sheria ya siku zile ilitaka wanahisa saba, naye akahesabu nyumbani kwake: yeye, mkewe, binti mmoja na watoto wa kiume wanne. Saba kamili! Hisa zilikuwa 20,007. Yeye akashika 20,001 na wale sita akawagawia moja moja, nadhani ili pasiwe na manung'uniko mezani. Kampuni ikafilisika. Wadai wakaja juu: huyu na kampuni yake ni mtu yuleyule! Mahakama za chini zikawaunga mkono wadai. Malodi wakakataa. Kampuni ni mtu wake, wakasema, na Salomon ni mtu wake. Tena kwa kuwa kampuni ilidaiwa kwa hati ya dhamana, wenye dhamana walitangulia, na wale waliokopesha kwa kuaminiana wakaambulia patupu.

Ndugu mwenye fremu, nakuomba uyashike maneno hayo. Tutayarudia.

Kesi ya pili ni ya kuhuzunisha. Bwana Macaura, wa Ireland ya Kaskazini, aliiuzia magogo yake kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa mikononi mwake. Kisha akayakatia magogo bima kwa jina lake mwenyewe. Moto ukaja, magogo yakateketea, na bima wakagoma kulipa. Mwaka 1925 Malodi wakasema bima wako sahihi: magogo ni mali ya kampuni, wewe una hisa tu. Mtu wa Kibosho akiisoma hukumu hiyo huweka karatasi chini akatoka nje kuangalia migomba yake.

Msidhani kampuni ni mgeni mlimani. Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliipa hati ya ulinzi jumuiya ya Carl Peters, na kufikia Juni mwaka huohuo mwakilishi wao, Karl Jühlke, alikuwa tayari hapa akiwekeana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Mpaka serikali ya Ujerumani ilipolishika koloni moja kwa moja mwaka 1891, aliyedai kututawala alikuwa na wanahisa. Swali la mtihani: je, malengo ya kampuni yanaweza kujumuisha kumiliki mlima wenye theluji? Jadili. Alama 20.

Sasa nitasema jambo ambalo sijaliona kwenye madesa. Mnatoa kopi za fundi viatu wa London mpaka wino unaisha, na jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, liko pale mjini mnapita chini yake mkienda kununua vocha. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, rais wao akiwa Joseph Merinyo. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka uliofuata KNCU ikaandikishwa. Mwaka 1937 wakulima walewale, waliochoka kulazimishwa kukiuzia chama na waliokasirishwa na bei, wakafanya ghasia. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu kwa mkupuo. Mwaka 1984 KNCU ikarudi. Hebu niambieni ni kampuni gani ya London imeuawa na serikali ikafufuka, halafu mnaniletea Salomon! Na chuo chenyewe cha Ushirika kilianza mwaka 1963, kikapanda hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kwa ajili ya mambo hayohayo.

Kasoro ya ushirika, kwa maoni yangu ya kitaalamu, ni moja: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye miche 40 na mwenye miche 4,000 wananyoosha mkono sawasawa. Huko si kufanya biashara, huko ni kuheshimiana.

Ndiyo maana nimebuni dawa. Nimeiita Kihamba Limitedi. Ukoo mzima unaandikishwa BRELA chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Ba'mkubwa anakuwa mwenyekiti wa bodi, wajomba wanabaki wageni waalikwa, na shangazi anakuwa mkaguzi wa hesabu, kazi ambayo tayari anaifanya bila posho. Faida yake mtaiona. Mtu hufa, kampuni haifi. Kwa hiyo ile vita ya kifungua mimba na kitinda mimba kugombea nyumba ya baba imekwisha, maana nyumba haikuwa ya baba. Mkutano mkuu wa mwaka hauna gharama: Desemba watu wanapanda wenyewe kutoka Dar, Arusha na Mwanza, magari yamebanana njia nzima ya Marangu. Akidi inatimia kabla ndafu haijaiva. Kumbukumbu zitaandikwa kabla mbege haijafika mezani, kwa sababu zilizo wazi.

Nililijaribu wazo hili kwa ukoo wangu. Binamu wa Dar, aliyenunua bati zote, akauliza kama bati ni hisa. Nikamwambia ndiyo. Akapiga hesabu kwenye simu yake, akatangaza kwamba ana wingi wa kura na anataka kaburi la babu lihamishwe apate maegesho. Ba'mkubwa hakujibu. Alikwenda uani akarudi na jani la sale, akaliweka mbele ya binamu, na binamu akaomba radhi kwa kikao kizima. Nimepekua sheria yote. Kifungu hicho hakimo.

Naona dada wa mstari wa mbele amenyoosha mkono. Anauliza kama halmashauri ya kijiji imeshirikishwa, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Dada, hilo ni somo la ardhi. Mtalifikia.

Kuhusu masomo yenyewe: someni. Msingoje sapu. Mnakumbuka mwaka 2022, Shule ya Sheria kwa Vitendo Dar es Salaam, matokeo ya wanafunzi 633 yalionyesha 26 tu waliofaulu moja kwa moja, mpaka ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kama wale 26 walitoa kopi kwangu, sina ushahidi, na mwanasheria hasemi bila ushahidi. Ila sioni pengine walikozipata.

Sasa, kodi ya fremu. Mwenye fremu anadai miezi kadhaa. Nami namjibu kisomi: anayedaiwa ni kampuni, mimi ni mkurugenzi tu. Pazia la kampuni liko kati yetu, na pazia hilo halipenywi bila udanganyifu.

Dada, umenyoosha tena. Cheti? Kile pale ukutani. Kisome kwa sauti, usiogope. "Cheti cha Usajili wa Jina la Biashara." Naam. Anasema jina la biashara si kampuni, halizai mtu mwingine, na deni lake ni langu mimi, pamoja na mbuzi wangu. Sikilizeni jamani, huyu ananishtaki kwa madesa niliyomtolea mwenyewe, tena wiki iliyopita, kwa mkopo!

Vema. Hoja yake imepokelewa. Mwenye fremu aandike barua. Nitaipokea mimi, nitaigonga muhuri, kisha nitaiwasilisha kwenye bodi. Bodi, kama mlivyokwishasikia, hukutana Desemba.