Barua ya Sababu Binafsi

Mpelelezi Stanley alipopita Tabora mwaka 1871, mpagazi wake aliyetoroka akikamatwa alitiwa minyororo. Mwalimu mtoro wa leo kastaarabika. Kanuni za utumishi wa umma zinasema kukosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa. Yeye kamaliza muhula mzima akilangua mpunga Igunga. Siku akinong'onezwa kwamba Tume ya Utumishi wa Walimu inaandaa hati ya mashtaka, ndipo anaikumbuka shule. Barua inatua mezani kwa mkuu, karatasi bado ina joto la mashine, tarehe ya mwezi uliopita: "Naacha kazi kwa sababu binafsi." Na cheti cha utumishi mwema anaomba, jamani!

Nyerere, aliyewahi kufundisha St. Mary's hapo hapo Tabora, naye aliacha ualimu, Pugu, mwaka 1955. Wakubwa wake walimtaka achague chaki au siasa. Kesi ya utoro hakuwa nayo. Wewe, ndugu yangu, jibu kwanza mashtaka. Pilau la kukuaga tutachangishana baadaye.