Ombi la kasia kuingizwa kwenye bajeti

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia uokoaji majini na usalama wa viwanja vya ndege,

YAH: KASIA KUTAMBULIWA KUWA KIFAA RASMI CHA UOKOAJI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 kutoka Dar es Salaam, yenye watu 43, ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi walitangulia kufika. Kijana mmoja alisimulia kwamba alivunja mlango kwa kasia. Watu 24 walinusurika. 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo.

Nanyi mlifika, jamani, tusiwanyime haki yenu. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilisema boti ya polisi ilifika mchana, mitungi ya wapiga mbizi haina oksijeni ya kutosha na boti yenyewe imepungukiwa dizeli. Wengine wangeona haya kuja hivyo, wakabaki ofisini.

Ziwa hili si geni kwenu. MV Bukoba ilizama 1996, MV Nyerere 2018. Kwa hiyo siwezi kudhani mlipitiwa. Nimeamua kuamini kwamba hiyo ndiyo sera: mwananchi aokoe, serikali itoe pole.

Basi sera iandikwe. Kasia halinywi dizeli, halijazwi oksijeni, wala halisubiri zabuni. Mwenye kasia hadai posho ya safari, maana yuko hapohapo. Tahadhari ni moja tu: siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, mitumbwi ikakaa nchi kavu. Marubani wapewe kalenda ya mwezi pamoja na taarifa za hali ya hewa, wajue ni siku zipi uwanja hauna huduma ya uokoaji.

Jambo la mwisho linanipa wasiwasi. Yule kijana alizawadiwa shilingi milioni moja, kisha akachukuliwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Anastahili. Lakini mmemtoa ziwani, kwenye kituo pekee kilichokuwa kikifanya kazi. Siku nyingine atapigiwa simu, atavaa sare, ataingia kwenye foleni ya kusubiri mafuta. Naomba aruhusiwe kwenda kazini na kasia lake.

Wenu mtiifu,
Abiria wa dirishani

Nakala: Mwenye mtumbwi yeyote aliye karibu