Jinsi ya Kumsaka Wakala wa Riwaya Ukiwa Kambu na Miaka Kumi na Sita

Ukitaka wakala wa kukuuzia riwaya nawe ungali kidato cha tatu pale Kambu, la kwanza ni kutoimaliza riwaya yenyewe. Sura moja na nusu yatosha. Kitabu kilichoisha kinasomeka, na kinachosomeka kinaweza kukataliwa. Yule binti wa Tulsa, Marekani, S. E. Hinton, aliyetoa The Outsiders mwaka 1967 akiwa na miaka 18, alipata wakala New York angali kijana kabisa. Lakini yeye alikuwa na haraka: alikuwa ameshaandika mpaka mwisho.

Pili, ifute Kambu. Msomaji wa London ana haja gani na mji wa kandokando ya barabara kuu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, ambako malori ya Mombasa hayalali na tembo wa Tsavo huingia mashambani bila kubisha hodi? Weka theluji. Mhusika wako aitwe Brandon, anywe kahawa, aagane na mpenzi wake kwenye uwanja wa ndege. Wewe hujaukanyaga uwanja wa ndege, na Brandon hajawahi kusikia habari za Kambu, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa barua. Taja umri wako katika sentensi ya kwanza, katika ya pili, na tena chini ya sahihi. Eleza kwamba mwaitu, mama yako, alilia alipoisoma. Jilinganishe na Ngũgĩ wa Thiong'o, kisha kwa unyenyekevu useme umemzidi kidogo tu. Usijisumbue kuchunguza wakala yupi anashughulikia vitabu vya aina gani. Watumie wote kwa mpigo mmoja, anwani zao zote zikionekana, kila mmoja ajue ana wenzake. Wengi wao huomba barua ya ukurasa mmoja, muhtasari na sura chache za mwanzo. Wapelekee daftari zima, lililopigwa picha kwa simu, kidole gumba kikiwa kimefunika pembe.

Wakala wa kweli wa Uingereza au Marekani kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na 20 kwa haki zinazouzwa nchi za nje. Kabla kitabu hakijauzwa hapokei hata senti. Mtu wa namna hiyo achana naye, ni maskini kama wewe. Mtafute yule anayekuandikia usiku wa manane akikuita "mwandishi mashuhuri" na kuomba shilingi elfu nane za kusomea mswada, kwa M-Pesa, kabla ya saa sita mchana. Uza mbuzi. Akirudi kuomba za usajili, uza na beberu.

Wa ng'ambo wakikuchosha, msake wa Nairobi. Hapo ndipo mwongozo huu unapopata taabu, kwani mawakala wa riwaya Kenya ni adimu kama mvua ya Agosti huku kwetu. Tuchukue mfano. Riwaya inauzwa shilingi 500, mrabaha ni asilimia 10, nazo nakala elfu moja zinanunuliwa. Hata ukihesabu kwa bei ya dukani, unapata shilingi 50,000. Wakala akichukua asilimia 15 yake, anabaki na 7,500 kwa kazi ya mwaka mzima au zaidi. Dalali anayeegesha lori Kambu msimu wa ndengu hawezi kuamka kwa pesa hizo. Fedha za vitabu nchini ziko darasani: kwenye ithibati ya KICD, taasisi ya mitaala, kwenye orodha ya vitabu vya lazima vya fasihi, na kwenye vitabu vya kiada ambavyo tangu 2018 serikali huagiza moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilienea kila kona kwa kuwa watahiniwa walilazimika kukisoma. Katika mlolongo huo, kiti cha wakala hakijawekwa.

Basi jaribu njia ya Ngũgĩ. Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi Makerere, alimkabidhi Chinua Achebe mswada, maana Achebe alikuwa amefika chuoni kwa mkutano wa waandishi. Achebe akaufikisha kwa wachapishaji Heinemann, na mwaka 1964 Weep Not, Child ikatoka. Hivyo kaa kando ya barabara Kambu na mswada mkononi, umngoje Achebe wako apite. Hasara ni kwamba mabasi ya Mombasa hupita hapo mbio, na waandishi mashuhuri hushuka Mtito Andei kunywa chai.

Au umwige David Maillu, mtu wa Kilungu, Makueni hii hii yetu. Yeye alianzisha Comb Books mwaka 1972, akawa mwandishi, mchapishaji na muuzaji wa vitabu vyake mwenyewe. Unfit for Human Consumption na After 4.30 vilinunuliwa kama maandazi ya moto, wakosoaji wakavifyonya, na Tanzania ikavipiga marufuku. Kwa maoni yangu hakuna Mkamba aliyewahi kuifahamu biashara hii vizuri zaidi. Ila vya namna ile usivifiche katika sanduku la bweni. Mwalimu wa nidhamu naye ni msomaji.

Na kama umekosea ukaumaliza mswada, tena wa Kambu, tena kwa Kiswahili, basi huna haja ya wakala. Nyumba za uchapishaji za Nairobi zina wahariri wanaopokea miswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Soma masharti, chapa kazi yako vizuri, baki na nakala. Na kwa kuwa sheria ya Kenya huhesabu utu uzima kuanzia miaka 18, mkataba ukija mapema utahitaji sahihi ya mzazi. Nenda kaelewane na mwaitu kuhusu wale mbuzi.