Mzigo wa Daftari la Wenzangu

Hapa Tabora, ukishakuwa na plagi inayofanya kazi na moyo laini, umekuwa mali ya ukoo. Mpwa wangu, msomi wa kompyuta, amenitafutia cheo: niwe nodi kamili ya Bitcoin.

Mtandao ule hauna benki. Daftari lake ni mnyororo wa bloku, na nodi kamili hulipakua lote na kukagua kila muamala tangu 2009. Limeshapita gigabaiti 600, wakati simu ya mpwa wangu inalemewa na video za kamati ya harusi. Kwa hiyo simu imejiweka nodi nyepesi: inachukua vichwa vya bloku tu, baiti 80 kila kimoja, kama megabaiti 4 kwa mwaka. Mbinu hiyo mbunifu wa Bitcoin, Satoshi Nakamoto, aliieleza tangu 2008.

“Sasa utajuaje hela yako imeingia?”

“Naomba ushahidi, Mjomba.”

Anauomba kwa nodi kamili. Bloku ikiwa na miamala 2,000, anapewa alama 11 tu za muhtasari wa miamala mingine. Simu inazikokotoa pamoja na muamala wake, na jibu likilingana na alama iliyo kwenye kichwa cha bloku, muamala umo. Nodi kamili haiwezi kughushi ushahidi huo. Kunyamaza inaweza, ndiyo maana simu huuliza nodi kadhaa, na kwa kuuliza huko inawaonyesha wasiomjua hela anayoifuatilia.

Haya, mzigo nani anabeba? Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, kilo 30 hivi begani, ila kwa ujira: vitambaa vya merikani, shanga, na posho ya njiani. Wakionewa, walitua mzigo wakatoroka. Huku kwenye Bitcoin, malipo yanakwenda kwa wachimbaji wanaounda bloku. Anayetunza daftari na kuwajibu wenye simu hapati hata shilingi. Umeme wangu, bando langu, diski yangu!

Eti faida yake ni kukagua mwenyewe bila kumwamini mtu. Nikague nini, na pesa zangu zote ziko kwenye ada za watoto?

Nikampa masharti ya mpagazi: ujira utangulie, posho kila siku, na ruhusa ya kutoroka. Kijana akakuna kichwa, kisha akauliza kwa heshima zote: “Mjomba, hivi Shangazi kule kwake ana intaneti?”